Seva Isiyo na Mlezi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Seva imelala tena. Simu ililia kabla sijavaa viatu, nikatoka Kiganjo bila chai. Kufika kiwandani Ruiru, pikapu za maziwa zimepanga foleni hadi barabarani na mizani haitambui jina la mkulima yeyote. Nikaiamsha. Wakaanza kupima. Hakuna aliyesema asante, nami sikuingoja.

Nimechoka. Tangu Lenny, mwenzangu wa kompyuta, aache kazi, ni mimi tu ninayejua kuiamsha. Likizo nimeomba, nikaomba tena — Nzioka, bosi wangu, anasema ngoja kidogo. Na mama anapasuliwa nyonga huko Kimilili tarehe ishirini na nne. Anataka nimuuguze mimi, si mtu mwingine. Mimi pia ndivyo ninavyotaka.

Angalau ushirika umekubali mfumo mpya. Kupokea maziwa, malipo, dawa za mifugo, vyote vinaandikwa upya. Inabaki kuchagua seva, ile programu ya kuvibeba. Ati niichague mimi! Kamati inakaa Jumatano ya wiki ijayo.

Jumanne, 10 Juni

Abdulnasir amekuja kutoka Nairobi kutuonyesha seva yake, ya leseni, yaani ya kulipia. Mpole, hasemi mabaya ya wengine. Alisema ikilala, watu wake wanaiamsha wakiwa kwao, saa yoyote. Nikamwomba arudie. Akadhani simwamini. Kumbe nilitaka tu kusikia tena!

Ile nyingine ni ya bure. Nyepesi, safi, naipenda. Lakini haina mtu wa kupigiwa simu. Yaani, ina mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Hapa kila kitu kina mlezi. Aliyekipendekeza mbele ya kamati ndiye anaandikwa mlezi wake, na kikiharibika anatafutwa yeye, awe wapi. Wafugaji ndivyo walivyo: aliyeleta ng'ombe ndiye anayelijua teke lake. Tanki la kupozea maziwa ni la Okello, fundi wetu. Majuzi walimtoa kwenye harusi ya shemeji yake, akaja na suti, akalala chini ya tanki. Tulicheka sana. Leo sicheki.

Nzioka aliniita, akafunga mlango.

"Nekoye, peleka hiyo ya leseni kwa kamati. Mimi nasaini likizo yako leo leo."

Hajahongwa, namjua. Anaogopa lawama tu. Hiyo ya leseni ikikwama, ana wa kunyooshea kidole. Na mimi ningekuwa mlezi wa jina tu, simu zote ziende Nairobi. Si ningesema sawa? Nikasema acha nizijaribu kwanza. Mdomo huu!

Jumamosi, 14 Juni

Nimezijaribu zote mbili kwenye mashine yetu. Nikazima stima ukutani, kama inavyojizima yenyewe hapa Ruiru, halafu nikawasha. Ya bure iliamka kabla sijamaliza kumenya ndizi. Ya leseni — nikala ndizi, nikaosha kikombe, nikampigia mama, tukamaliza habari za kuku wake, bado inajivuta. Si mbaya. Ni kubwa tu, inataka mashine kubwa, na yetu ndiyo hii. Watu wa Abdulnasir hata wakiiamsha upesi namna gani, itaamka kwa mwendo wake. Wakati huo mikebe iko juani. Maziwa yakiharibika yanakataliwa, na mkulima anarudi nayo kwake Kalimoni.

Nzioka anasema mashine kubwa itanunuliwa baadaye. Baadaye ya ofisi yetu naijua.

Nililirudia jaribio nikiiombea ya leseni ishinde. Kweli, niliiombea. Haikushinda.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeandika ripoti mbili. Moja ya kweli, moja ya kwenda nyumbani. Mama aliuliza kama nakuja, nikasema ndiyo. Kwa nini nilisema?

Jumatano, 18 Juni

Naandika wanakamati wakiwa chai. Nimebaki ndani, sina hamu na mandazi yao.

Nilisimama na ripoti ya kwenda nyumbani mkononi. Nikaanza kusoma habari za leseni na watu wa Nairobi, Nzioka akiitikia kwa kichwa, amefurahi. Mwenyekiti, Mama Ciku, akanikatiza. Alimwaga maziwa yake mara mbili mwaka huu, anajua foleni ile. Hakuuliza habari za seva.

"Nekoye, ingekuwa ni maziwa yako iko hapo nje kwa jua, ungechukua gani?"

Nikasema ya bure. Ilitoka tu. Nikaeleza yote, hata ndizi. Mikono ikainuka, karibu wote. Nzioka hakuinua.

Halafu likaja la mlezi. Nikasema nina mgonjwa nyumbani, nasafiri, aandikwe mtu mwingine, niko tayari kumfundisha wiki hii. Okello akainama kutazama viatu vyake. Nzioka akasema yeye alikuwa wa leseni, kila mtu ni shahidi. Mama Ciku akaniangalia — kwa huruma, nadhani — akasema twende chai kwanza.

Mama ametuma ujumbe. Amewaambia wauguzi asipewe mtu wa kulala naye wodini, binti yake anakuja.

Wanarudi. Nzioka amevuta kiti chake mbali na changu. Katibu amekaa, amefungua kalamu, anaandika penye mlezi, na hajamuuliza mtu jina.