Samadi ni ya Bure

Jumanne, Oktoba 1983

Fomu ya ofisi ya maendeleo bado iko mezani, na swali lenyewe ni moja tu: je, gesi ya samadi inalipa kuliko kuni?

Asubuhi nilikuwa na jibu. Mama Kulwa ana ng'ombe kumi na wanane, samadi ni ya bure. Kuni zinazidi kuadimika, na mafuta ya taa hupati hata ukipanga foleni. Mimi ndiye niliyemshawishi mumewe achimbe lile shimo la kuozeshea samadi ili itoe gesi.

Nilipofika kwake alinipa maji ya kunawa, kisha akawasha jiko. Moto ulikuwa wa buluu, bila moshi hata kidogo. Nilikunywa chai vikombe viwili huku nikimsifu, halafu nikamuuliza kama siku hizi anapumzika.

"Bibi Maendeleo," akasema kwa upole, "kuni nilikuwa nafuata mara mbili kwa wiki. Hili shimo linataka maji kila siku, ndoo ya maji kwa kila ndoo ya samadi. Kisima kimekauka. Naenda mtoni kufukua mchanga mpaka maji yatoke."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja ukahesabu ng'ombe. Maji hukuuliza."

Nimechoka. Fomu ina mstari wa saruji, wa bomba, wa kuni. Safari za mtoni nitaziandika wapi...

Na kinachoniuma zaidi ni yale maji ya kunawa. Nililowesha vidole tu, na yote yaliyobaki kwenye kopo nikayamwaga chini, mbele yake.