Makosa Kumi na Mawili Yasiyo Yako

Walikusaliti, mdogo wangu. Leo umetimia mwaka mmoja tangu tukuzike, na watu saba uliowakinga kwa jina lako hawajafungua mdomo.

Uliongoza waandishi wa programu za kompyuta, kwenye ofisi ya ghorofa ya tatu isiyo na dirisha linalofunguka. Walikuita Bi Polepole. Mfumo ukizima, simu zinalia, wakubwa wanagombana mlangoni, wewe ulivuta kiti ukasema, "Polepole. Nani ameona nini?" Kisha ulitoka kuwakabili wakubwa peke yako, ukafunga mlango nyuma yako ili vijana wafanye kazi.

Kwenye ripoti ya kila hitilafu uliandika jina lako kuwa ndiye mkosaji, hata kama kosa lilikuwa la mwingine. Nilikucheka siku ile karakanani kwangu. "Mimi fundi akiharibu mbao namfokea," nikakwambia.

"Ndiyo maana wanazificha nyuma ya choo, kaka. Nenda kaangalie."

Nikaenda. Nikakuta mbao sita.

"Mwenye hofu hasemi kosa lake," ulisema, "na kosa lisilosemwa halitengenezwi." Ripoti kumi na nne zilikuwa na jina lako. "Mbili ni zangu kweli, usinione malaika!" Ukacheka mpaka ukakohoa.

Ulipofariki, vijana wako ndio waliobeba jeneza. Mama aliwaita wajukuu zake. Wiki sita baadaye mfumo ulianguka siku mbili nzima, na kampuni ikawaandikia wateja barua kwamba chanzo ni uzembe wa kiongozi aliyepita. Ushahidi: ripoti kumi na nne.

Nikamfuata msaidizi wako, uliyemfundisha kazi tangu mwanzo, aliyekula mezani kwetu. Nilimwomba aseme ukweli. Akaangalia viatu vyake.

"Mzee, haya ni mambo ya ofisi. Yeye hayupo, hayamuumizi tena. Sisi tuna watoto."

"Na yeye ana mtoto," nikamjibu. "Barua ameisoma."

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Wewe ulitenda, ukaenda zako, nao wakaacha wema wako ugeuzwe ushahidi.

Basi tunasema sisi, hapa gazetini, mbele ya wasomaji wote: makosa kumi na mawili hayakuwa yako. Wenyewe wanajijua.

Unakumbukwa na mama yako, mumeo, binti yako, na mimi kaka yako seremala. Kukusahau hatujui.

Kimya chao kimetugharimu haya. Jina lako limebanduliwa mlangoni. Mama amefuta namba saba kwenye simu yake. Mumeo hupita njia ya mbali asilione lile jengo. Binti yako alikuwa ameshapata nafasi chuoni kusomea kazi yako. Ameirudisha.