Nilivyoipa Alama Bia ya Kibelgiji

Jumamosi

Kuanzia hapa Natta mpaka Sirari hakuna ulimi kama wangu. Darasa la saba nilifeli, sawa, lakini mdomo huu una digrii!

Leo dada Neema, mkuu wa baa hapa kwenye kambi ya watalii, alifungua bia kali ya mtindo wa Kibelgiji, nyeusi kama chai ya rangi iliyolala. Akasema atakayeieleza vizuri na kuwamiminia wageni ndiye atakayehamia kaunta. Na mimi nimechoka kuosha masufuria.

Nikanusa kwanza. Ndizi mbivu! Nikaonja: karafuu, halafu sukari iliyoungua, halafu joto likashuka kifuani taratibu... Nikaipa tisa kwa kumi.

"Hiyo moja umekata ya nini?" akauliza.

"Glasi ni ndogo, dada."

"We Marwa! Nimesema onja, wewe umemaliza!" Alicheka mpaka akashika meza.

Chacha, tunayeosha naye vyombo, alisema tu kwamba ni kali. Hee, kali! Hata pilipili ni kali. Nikajua kaunta ni yangu.

Ikabaki kumimina. Kwa bibi, pombe hukorogwa kwanza mtungini, la sivyo wazee wanalalamika kwamba wamepewa maji. Nami nilikuwa nimeona machicha yametulia chini ya chupa. Basi nikachukua chupa mpya, nikaitikisa kwa nguvu zangu zote, nikaifungua mbele ya mgeni.

Shati lake lilikuwa jeupe. Dada Neema hakucheka tena, na kesho anayeanza kaunta ni Chacha.