Kamba ya Madam na Baiskeli ya Stima

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo nimepanda baiskeli inajisukuma yenyewe! Naapa.

Nilikuwa nimepeleka mayai kwa kastoma wangu Mama Natalie huko Milimani, na baiskeli yangu ya zamani. Nimefika nahema, goti ya kushoto inalia kama mlango ya choo. Mama Natalie akaniangalia na huruma, akafungua gereji. Baiskeli ya mlima, nyeusi, magurudumu nono, bateri imelala kwa mbavu kama thermos. Ati bwana yake aliinunua apunguze tumbo. Akaiendesha mara mbili. Tumbo bado iko. Baiskeli ndio imeteseka na vumbi.

Akaniambia nikae nayo hii wiki. Jumamosi nirudishe ama nilete pesa.

Akataja bei. Mimi nikaangalia juu kwa miti kama mtu anatafuta ndege.

Kwetu kuna kitu moja tu inaweza toa hiyo pesa. Iko na miguu nne na mimba. Madam, mtamba wetu. Tulimuita hivyo juu anatembea polepole kama headmistress amekasirika. Mamake alikufa Madam akiwa mdogo, bibi yangu Wanjugu akamlea na chupa ya soda na nipple ya mtoto. Sasa amebakisha kidogo azae.

Sijaambia bibi kitu. Nimesema tu baiskeli ni ya kujaribu.

Jumanne, 10 Juni

Wueh!

Ile mlima ya kuingia Milimani, mimi na Kipyegon wa maziwa tunapandaga pamoja na baiskeli zetu. Miaka mingi. Mwenye amefika chini kwanza anangoja mwingine. Hapo mwenye ako na nguvu anasukuma mwenzake kwa mgongo, mbele kidogo tunabadilishana. Leo nimefinya kitu kwa handle — mota ikasema zzzz — nikampita Kipyegon nikikula ndizi. Nikikula ndizi!

Nyuma nikaskia: "Kabiru! Umekufa ama? Hiyo ni roho yako inaenda mbinguni?"

Nikamwambia aambie watu nilikuwa mtu mzuri.

Goti haijalia ata mara moja. Nimemaliza kastoma wote, nikarudi kuchukua mayai ingine, nikapanda tena. Haijawai tokea tangu nianze hii kazi.

Lakini kuna shida sikutarajia. Mathe mmoja, kastoma wa geti ya kijani, huwa ananipea maji na chapati moja juu ya huruma. Leo amenikagua kutoka kichwa mpaka kiatu. Mbona sijatokwa na jasho? Hizi mayai ni za kienyeji kweli, ama nimenunua za kuku wa grade hapo kwa duka? Akashika moja akaweka kwa jua. Chapati sikuona.

Kumbe jasho ndio ilikuwa risiti yangu.

Kesho nitajimwagia maji kidogo kabla nibishe.

Jumatano, 11 Juni

Hii baiskeli haina keria. Wazungu wa mlima hawabebangi mayai, inaonekana. Jana nilibeba kwa mgongo, bega imekataa. Nimepeleka kwa fundi wa kuchomelea hapo stage. Akagonga chuma na kidole, akatingisha kichwa. Ati hii si chuma, ni aluminiamu, akiweka moto itayeyuka kama mafuta ya ng'ombe. Akanipea kipande ya mbao, akasema nifunge juu ya gurudumu na kamba.

Kamba gani sasa? Nimetafuta nyumba yote. Mpira ya kufungia mzigo imekatika. Nikaona Madam amesimama kwa boma yake anatafuna majani ya napier, kamba yake nzuri ya katani kwa shingo. Boma iko na mlango, ataenda wapi? Nikamvua. Nikafunga ubao, nikafunga trei za mayai juu. Fundo ya nguvu. Nikatoka nikipiga mluzi.

Mimi ni mjinga. Wacha niandike tena: mjinga.

Jioni, bado Jumatano

Narudi nyumbani, mvua imeninyeshea kutoka Kiamunyi yote. Nakuta Wanjugu amesimama kwa boma, mkono kwa shingo ya Madam, pale kamba inakuwanga.

"Baba Njoki. Umemuuzia nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Hapo ndio nikakumbuka. Kwetu ng'ombe ikiuzwa, inaenda na kamba ya mnunuzi. Kamba ya nyumbani inabaki kwa mwenyewe, inaning'inizwa kwa boma, ndio bahati ya ng'ombe isifuate ile imeenda. Kwa hivyo mtu akipita aone ng'ombe shingo tupu na kamba iko kwa baiskeli ya bwana… anajua. Jirani wote wamejua. Wengine wameshakuja kumpea Wanjugu pole!

Nikamwambia sijauza. Ni ya kufunga mayai tu.

Akaniuliza pole pole: "Na ulikuwa umefikiria kumuuza?"

Hapo sasa.  Nikakohoa, nikaanza kushusha trei.

Alhamisi, 12 Juni

Simu ya Njuguna, broker wa ng'ombe, kabla chai iive. "Boss, unauzaje mnyama bila kuniambia? Huyo mwenye amekupea bei, mimi naongeza." Nikamwambia hakuna mtu. Akacheka, ati najua kubargain siku hizi. Akataja bei.

Ni bei ya baiskeli na baki ya kununua keria.

Kipyegon nilimkuta amekaa chini ya mlima, mitungi ya maziwa kando. Nikamuuliza anangoja nani. Akasema mazoea tu. Nikazima mota, nikashuka, nikamsukuma mpaka juu. Goti ikapiga kelele, akaiskia. "Nunua hiyo kitu, Kabiru," akasema. "Mimi nitapata mtu mwingine wa kunisukuma. Wewe hutapata goti ingine." Halafu akasema nikinunua nimvute na kamba. Kila mtu na kamba wiki hii!

Ijumaa, 13 Juni

Bateri tupu. Tokeni za stima zimeisha jana usiku nikiwa nachaji, tumekula supper na mshumaa. Mtoto wetu Njoki akafurahi, ati ni birthday.

Wanjugu amenikanda goti na mafuta moto.  Halafu:

"Hii goti naijua kukushinda. Usiku ukigeuka naiskia. Siwezi kukuambia usinunue."

Akafuta mikono na leso.

"Lakini Madam nilimpea chupa na hii mkono. Nilikuwa nimeshawaambia watu wa chama ya akina mama nitaleta maziwa ya kwanza."

Nikamwambia baiskeli italeta pesa ya kununua ng'ombe ingine. Akaniuliza lini. Nikasema polepole. Akasema ata Madam anaenda polepole na anafika.

Nikashusha suruali, nikafunika goti.

Akafunika chupa ya mafuta. "Ile kamba ulifunga wewe. Mimi siigusi. Ukitaka kuuza utafungua wewe, uning'inize wewe."

Jumamosi, 14 Juni

Njuguna ako hapa. Amekuja mapema na pickup, kamba yake mpya ya manjano kwa bega, buti safi. Amemzunguka Madam mara mbili, amemshika tumbo, amesema mzuri, mzuri. Pesa ako nayo. Mama Natalie naye ametuma meseji: leo ni leo, kuna mtu wa Naivasha anaitaka baiskeli.

Njuguna anajua mila. Akasema, "Haya, toeni ya kwenu kwanza mweke kwa boma, ndio nifunge yangu."

Ya kwetu bado iko kwa baiskeli. Sikuwai fungua tangu Jumatano. Ilinyeshewa, ikakauka, ikabana, fundo imekuwa kama jiwe. Nimevuta na kucha. Nimevuta na meno. Njuguna amevuta, akaumia kidole. Anasema tukate tu, kamba ni kamba.

Wanjugu amekaa kwa mlango anachagua maharagwe. Hajainua macho. Lakini mkono ilisimama.

Nikasema ngojeni, naingia ndani nitafute kisu.

Kisu iko hapa kwa meza, karibu na hii kalamu. Imenolewa juzi. Goti inauma ata nikiwa nimekaa. Madam amelia mara moja huko nje, sauti ya headmistress.

Njuguna ameuliza tena kama nimepata kisu.

Nimejibu bado natafuta.