Neno Nililomfundisha Laoban

Jumapili, Guangzhou

Na mimi nilidhani Felista kanipeleka kwenye ukumbi wa kuteleza kwenye theluji kule Huadu kwa upendo tu. Alisema miaka yote tunalala chumba kimoja na kuhangaika na mizigo, siku moja tucheze kama watoto. Tulipofika, magoti yakaanza kumuuma. Akabaki chini mgahawani.

Mwalimu, binti wa Kichina, alinifundisha kwa simu inayotafsiri. Nilikuwa naanguka tu. Akaniambia, "Ukiogopa unaegemea nyuma, halafu vibao vya miguuni vinakukimbia. Inama mbele. Usitazame miguu, tazama unakokwenda."

Nikainama, nikainua macho. Jamani, niliteleza hadi chini bila kuanguka. Nikajiona mtu.

Ndipo nikasikia, "Dada!"

Alikuwa laoban, mwenye kiwanda kinachonishonea mikoba, hapo jirani Shiling. Neno hilo nilimfundisha mimi, ili aniite. Nikapunga mkono. Hakuniona. Alikuwa anamwita Felista, anampangia mezani mikoba yenye mishikio ya kitenge. Mtindo wangu, ambao Kariakoo wananijua nao.

Sisi wa huku tunagawana chumba, ugali, hata kontena. Kiwanda cha mwenzio hukigusi. Felista ndiye aliyenifundisha hivyo.

Nikageuka, nikaenda kuvua vibao. Naogopa, kwa kweli. Bila mikoba ile sina...

Kwenye basi akaniuliza kwa upole, "Umejifunza nini leo, dada yangu?"

"Kuinua macho," nikamwambia.

Akacheka.