Kichwa cha Mbuzi wa Masanja

Houston, Jumapili, Novemba 2018

Haiingii akilini. Nilimwahidi mtani wangu Masanja kwamba akiangusha mbuzi-mwitu wa milimani kwa bunduki yangu kuukuu, ile ya kukoki kwa kishikio cha chini, basi bunduki ni yake. Niliahidi kwa raha, maana Masanja hata tundu la choo halilengi.

Leo karudi kutoka huko milimani, mwendo wa siku nzima kwa gari, na nyama, imeshachunwa na kukatwakatwa.

"Kichwa kiko wapi?"

"Nimekiacha mlimani. Kizito."

Muongo! Msukuma huyu aache kichwa cha mbuzi? Kwa supu ya kichwa angemwacha mkewe huko mlimani.

"Hii ya buchani," nikamwambia. "Lete kichwa, uchukue bunduki."

"Mzaramo wewe, roho inakuuma!" Akaniachia bunduki mezani, akaondoka kanuna.

Sasa kinachonitia wasiwasi. Nyama imechemka saa nne nzima na bado inapigana na meno yangu machache. Ya buchani haina ubishi hivyo. Nikanusa mtutu wa bunduki, unanuka baruti.

Nimeusugua kwa mafuta upesi. Akirudi kesho na shahidi wa kunusa, shauri yake.