Dua ya Arubaini

Jumatatu, 7 Januari

Ukungu umeimeza Lucknow, hata mnara wa msikiti wetu hauonekani. Siku ya kumi na mbili tangu Ammi, mama yangu, apigwe na kiharusi. Upande wa kulia umekufa. Maneno hakuna. Nikimuuliza, "Ammi, maji?" ananitazama kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Mdogo wangu Tauqir kapiga simu kutoka Delhi. Anataka kumchukua, kwake kuna wataalamu. Nimemwambia safari itammaliza. Akasema mimi mbishi tangu tumboni. Haya.

Jumatano, 9 Januari

Ammi kasema! Baada ya alasiri, namchana nywele. Si neno moja — beti nzima, kwa Kiurdu safi, bila kukwama:

Taa ikizima leo, mwanga hauzikwi chini,
Wewe uliyeiwasha, hutaniacha gizani.

Kitana kikaniponyoka. Daktari anasema si ajabu. Wagonjwa wengine wa kiharusi hushindwa kuomba maji lakini huimba. Mashairi yana chumba chake kichwani. "Furahi, Mwalimu!" Nikashukuru, nikakata simu. Sikumwambia kilichonitetemesha.

Beti ile ni yangu.

Alhamisi, 10 Januari

Niandike tu, nani atasoma.

Miaka ishirini na miwili iliyopita Afshan wangu alilazwa, damu imeharibika. Niliweka nadhiri: dua arubaini za mashairi, kila siku moja, na mwanangu atapona. Nilimnong'oneza sikioni, yeye peke yake. Nikimaliza aliitikia, "Amiiina," akiivuta kama anaita mtu aliye mbali. Na niliamini — nilivyoamini! Ya thelathini na tisa nilimsomea Jumanne. Jumatano hakuamka. Alikuwa na miaka sita.

Daftari nililitia kwenye jiko la makaa, ukurasa baada ya ukurasa. Tangu hapo nafundisha mashairi ya watu darasani. Yangu, sijayagusa. Kuswali naswali — magoti ndiyo yanayoswali.

Ammi wakati ule alikuwa Kanpur, anamuuguza dada yake. Na Kiurdu hajui kukisoma. Kurani tu, aliyofunzwa utotoni.

Leo kasoma ya pili. Kisha ya tatu. Kwa mpangilio.

Jumapili, 13 Januari

Amefika ya kumi na saba. Nimemkaripia, Mungu anisamehe. "Nyamaza, Ammi! Hayo hayakumponya mtu!" Akaninyooshea mkono wake mzima, akanifuta shavu. Akaanza ya kumi na nane.

Nilikimbilia jikoni. Niliporudi nikamkuta Bi Birjis, jirani, kasimama mlangoni na bakuli la halua ya karoti.

"Nuzhat, mna mgeni mnatuficha?"

"Mgeni gani?"

"Huyo binti anayemwitikia mama yako amina. Nimesimama hapa muda, sikutaka kuwakatiza. Sauti asali! Ila anaivuta mno, mfundishe."

Nilicheka. Nyumba hii ina mimi na Ammi, basi.

Halua sijaionja.

Jumanne, 15 Januari

Nimeomba ruhusa shuleni. Nimekaa miguuni pake na daftari jipya, nanakili. Kama nimekuwa mwanafunzi! Ya ishirini na sita nilikuwa nimeisahau kabisa. Nani alikuwa yule mwanamke aliyeandika vile, na mtoto wake anatapika damu? Nimemwonea wivu. Halafu nikamlilia.

Amina sijaisikia. Ila kila baada ya beti Ammi hunyamaza, pumzi moja tu, anatabasamu kuelekea pembeni mwa kabati. Ndipo anaendelea. Nimelisogeza kabati. Ukuta, utando wa buibui, kijiko kilichopotea zamani.

Magharibi nimeswali. Sikuharakisha.

Alhamisi, 17 Januari

Tauqir kaja na gari, bila kuniarifu. "Dada, umekonda kama uzi. Unamlisha mama mashairi badala ya chakula?" Anatania, lakini macho yanazunguka chumbani. Nikamweleza yote. Akasema nimechoka, Ammi anaweweseka, na sisi sote tulisikiasikia mashairi nyumba hii, hakuna siri.

"Haya yalisikika wapi, Tauqir? Niliyachoma."

Hapo Ammi kaanza ya thelathini na tisa. Ile ya mwisho. Polepole, kila neno kama anapita penye utelezi. Alipomaliza, Tauqir kageuka ghafla.

"Dada, acha mchezo."

"Mchezo gani? Sijafungua mdomo."

"Nani kaitikia?"

Tukatazamana. Mimi bado sikusikia kitu! Mwenye mtoto ni mimi, na wanasikia wengine. Nilipandwa na hasira kuliko hofu.

Tauqir kavaa viatu, katoka barazani. Akasema kutokea huko huko: nyumba hii si njema kwa mgonjwa, kesho baada ya sala ya Ijumaa wanaondoka. Nikipenda nifuate, nisipopenda nibaki na mashairi yangu.

Ijumaa, 18 Januari

Tauqir yuko msikitini. Mzigo wa Ammi umefungwa, shali yake ya kijani nimemvisha mwenyewe. Asubuhi nzima kimya. Nikadhani yameisha, kwani ya arubaini haipo, sikuiandika kamwe.

Sasa hivi amenishika mkono wa kushoto. Naandika kwa wa kulia, daftari juu ya goti. Amesema:

Nimeunyosha mkono, haujarudi na kitu —

Mstari huo siujui! Si wangu. Sijawahi kuusikia duniani. Na hauendelei. Anausema, ananyamaza, anausema tena. Leo hatazami pembeni mwa kabati. Ananitazama mimi.

Mara ya nne. Vidole vyake vinakaza.

Honi. Tauqir karudi, anaita, "Dada! Tayari?" Simjibu. Mlango wa nje unafunguliwa.

Mara ya tano. Chumba kizima kinasubiri. Nasikia kama pumzi ya mtu wa tatu, fupi, ya mtoto aliyejiandaa kuitikia. Nafungua kinywa, naumalizia mwenyewe:

Lakini sijaukunja —